Mgonjwa Asiyekuwepo

Ofisini kwetu tulikuwa na kanzidata moja ya majaribio na kofia moja nyekundu. Kanzidata ni pale programu inapotunza kumbukumbu zake, na majaribio ni ya kuhakiki kama programu inafanya kazi sawasawa. Kofia ilikuwa ya kuzuia ugomvi. Tukiendesha majaribio watu sita kwa pamoja, huyu alifuta alichoandika yule, ikawa vurumai. Kwa hiyo aliyevaa kofia ndiye aliyeendesha majaribio, wengine wakakaa kusubiri zamu. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeshazoea.

Ndani ya kanzidata hiyo aliishi mgonjwa mmoja asiyekuwepo duniani. Aliingizwa kwa mkono miaka minne nyuma, na mtu ambaye alishaacha kazi, na majaribio yetu yote mia mbili na kumi yalimtegemea. Ukimfuta tu, mambo yanakwenda mrama. Meneja, bwana mpole asiyependa makubwa, alibandika karatasi ukutani: USIMGUSE.

Programu yenyewe ilipanga zamu za mashine za kusafisha damu hospitalini. Jumatatu ingeanza kutumika kwenye wodi mpya, na baba yangu, ambaye figo zake ziligoma mwaka juzi, alikuwa amehamishiwa huko. Barua ilimtaka afike saa mbili asubuhi, mashine ya kwanza. Akikosa zamu moja anavimba miguu. Akikosa mbili, sitaki hata kuandika.

Ijumaa asubuhi kofia ilinichosha. Nikaandika utaratibu mpya: kila jaribio lijitengenezee kanzidata yake, tupu kabisa, liweke linachohitaji, likimaliza liivunje. Nikabonyeza. Majaribio mia mbili na tisa yakafeli. Lililopona lilikuwa la kuonyesha tarehe.

"Dada, umevunja majaribio," Meneja akasema.

"Sijavunja kitu. Programu haiwezi kumpokea mgonjwa wa kwanza. Inamtafutia nafasi baada ya aliyetangulia. Asipokuwepo wa kutangulia, inakaa kimya."

"Mbona kwetu inafanya kazi?"

"Kwetu kuna mtu ndani. Kanzidata ya wodi mpya haina mtu, bosi."

Akakuna shingo. "Basi na yeye tumpeleke huko. Tumnakili hivyohivyo alivyo, yaishe."

"Zamu yake ni lini?"

Akaangalia. "Kila Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mashine ya kwanza."

"Hiyo ni zamu ya baba yangu."

"Ah. Pole. Basi tumsogeze saa kumi."

"Saa kumi atamnyang'anya baba wa mtu mwingine."

Mimi hasira zangu ni za karibu, na nyumbani wananijua. Nilimweleza, kwa adabu zote nilizobakiwa nazo, kwamba hakuna mgonjwa atakayempisha mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Meneja akavuta kiti, akakaa pembeni yangu.

"Haya, nionyeshe inapokwama."

Ilikwama kwenye mistari kumi na moja ya programu, tukaiandika upya. Hadi jioni majaribio yote yalikuwa yamefaulu, kila moja kwenye kanzidata yake tupu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikupiga, maana majaribio hayohayo yalikuwa yamefaulu kwa miaka minne huku yakitudanganya.

Jumatatu nilisimama nyuma ya nesi nikiwa nimekumbatia mkoba wa baba. Nesi akaandika jina lake, akabonyeza. Skrini ikachelewa.

"Mashine ya kwanza, saa mbili," nesi akasoma. "Karibu, mzee. Pita ujilaze."

Baba hakupita. Aliangalia vitanda sita vitupu, akanigeukia, akashusha sauti ili nesi asisikie.

"Mwanangu, hii programu yenu imeshampokea mtu kweli?"

"Bado, Baba. Wewe ndiye wa kwanza."

Akafikiri kidogo. Halafu akavua saa yake, akanipa niishike, akaenda kulala kitandani na kumnyooshea nesi mkono.