Shafti ya Mama Kasilda

Fundi Fabiani wa Shanwe hupokea mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka kwenye karakana yake, na hapokei kwa huruma. Mwaka huu nilimpelekea Odeta, kidato cha tatu, mkondo wa amali. Nimefundisha kukereza chuma miaka kumi na moja na sijaona mkono uliotulia kama wake. Baba yake alishasema wazi kwamba akikosa nafasi hiyo, arudi kulima mpunga.

Jaribio lilikuwa shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ya mashine ya kusaga ya Mama Kasilda wa Magamba. Ile ya zamani ilikuwa imelika pale inapokaa beringi, ile pete inayoishikilia ikizunguka. Odeta aliipima mara tatu, kisha akakereza mpya asubuhi nzima. Nilipozilinganisha kwa kipimo, hazikupishana hata kwa unywele. Nilivimba kichwa, nakiri.

Fabiani aliichukua, akaivisha beringi. Ikacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

"Binti, umetengeneza shafti mpya iliyochakaa," alisema.

Odeta alitazama sakafu. Alikuwa amenakili kila kitu, hata pale palipolika. Hakujitetea, ingawa angeweza. Shuleni hatuna michoro wala beringi za kujaribia. Mteja akileta kipande kibovu, nawaambia wanafunzi wafuate sampuli. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo, na vipande vilipokuwa vikirudi niliwalaumu wenye mashine kwamba hawatii grisi.

Fabiani alishamrudishia shafti yake. Ningenyamaza, Odeta angerudi kwenye mpunga, na mimi ningerudi darasani na heshima yangu.

"Fundi, kosa si lake," nilisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kufuata sampuli."

Fabiani aliendelea kufuta mikono kwa tambara. Akamuuliza Odeta angefanyaje kama angeanza upya. Odeta akajibu kwa sauti ndogo kwamba angeomba kwanza beringi yenyewe, apime tundu lake, na ile shafti mbovu aitumie kwa urefu tu. Fundi akaguna.

"Jumatatu saa moja asubuhi," alisema. "Mje wote wawili."

Nilidhani ananitania. Jumatatu nilipofika, Odeta alikuwa ameshavaa ovaroli, na nyingine moja ilikuwa imebaki msumarini.