Mzee wa Mlango wa Mwisho

Marehemu mume wangu, Anatory, alikuwa fundi redio hapa Kitendaguro, na alipenda gemu moja kwenye kompyuta yake kuukuu. Ni habari ya ngome iliyochimbwa chini ya mlima, yenye mazimwi na milango iliyojificha ukutani. Alikuwa ameimaliza mara mbili. Mara ya kwanza alimuua mzee anayekaa kwenye mlango wa mwisho, akavikwa taji, mlima wote ukawa giza. Mara ya pili alimpita mbio, ngome ikamporomokea. Akatuambia upo mwisho wa tatu, na lazima atauona. Tukamzika Muleba, kwenye kibanja cha baba yake, hajauona.

Binti yetu Joanitha akaacha kwenda chuo. Wenzake walisharudi Mwanza, yeye yuko mbele ya kioo cha kompyuta. Nilipomuuliza alisema hawezi kuondoka na kazi ya Tata, baba yake, ikiwa nusu. Nilimwombea, nikamwita na mchungaji. Joanitha akamsikiliza kwa heshima, kisha akarudi kwenye kiti chake. Niliogopa msiba ule utanichukulia wawili.

Jumapili moja baada ya ibada nikachukua ndizi zangu za kumenya, nikakaa nyuma yake. Sikuwahi kuitazama hiyo gemu, nilidhani ni ushetani mtupu. Lakini alivyopita na taa yake, nikaona kuta zimechongwa maua, chumba baada ya chumba, hata kwenye pembe ambazo mtu hana sababu ya kufika. Akagonga jiwe, likafunguka, ndani kuna kisima na ndege wamelala. Kisu kikasimama mkononi mwangu. Ni mtu gani huyu, nikawaza, anayepamba mahali pasipopitwa?

Tukafika kwa yule mzee. Amekaa kwenye kigoda, fimbo magotini. Joanitha akachomoa upanga.

"Wewe," nikasema, "unaingia kwa mtu na chuma mkononi, hata kuamkia hakuna?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Mama, huyu ni adui."

"Adui gani amekaa mlangoni kwake? Mwenye nyumba huyo. Piga magoti."

Akasema gemu haina kupiga magoti, ina kuchutama tu, kwa ajili ya kunyatia. Nikamwambia basi achutame, na upanga auweke chini. Alifanya kunifurahisha. Na mimi, bila kufikiri, nikainama na maganda yangu mapajani, nikasema, "Shumalamu, waitu," kama ninavyowaamkia wakubwa kule Muleba.

Mzee akainua kichwa. Akanyanyuka taratibu, akasogeza kigoda. Nyuma yake palikuwa na mlango mdogo na ngazi zinazopanda. Akatangulia, na kila alipokanyaga, vyumba tulivyoviacha chini vikawaka kimoja kimoja. Juu kulikuwa na asubuhi, na ziwa pana kama letu. Taji hakuna. Mzee akaketi majanini, akatuachia nafasi pembeni yake.

Joanitha alilia, nami nikamwacha alie. Kisha ng'ambo ya ziwa, kwenye mwamba, mlango mwingine ukang'aa.

"Huo Tata hakuujua," akasema.

Nikaogopa ataufuata. Aliutazama kwa muda mrefu, halafu akaizima kompyuta.

"Mama, lile begi la Tata liko wapi? Kesho nataka basi la asubuhi la Mwanza."

Nikaenda kulitoa uvunguni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.