Tone Lenye Sukari

Komeo la mlango lilipanda polepole, likalia kwii, likanyamaza. Mjukuu wangu hakutaka kuniamsha. Hakujua nilikuwa macho tangu alipoanza kupapasa viatu vyake gizani.

“Unanitoroka?”

“Bibi! Hebu lala bwana.”

“Usingizi wangu umeshatangulia kazini. Ningoje.”

Alikuwa amebakiwa na tone moja tu la protini. Mara mbili alishajaribu kuipima maabara, mara mbili hakupata kitu. Mwalimu wake akamwambia, hili nalo likishindikana, aache swali lake la utafiti akasaidie kazi ya Twiga, kijana mwenzake wa maabara. Siku hiyo sikutaka aende peke yake.

Njiani alinieleza. Protini ni kama uzi mdogo usioonekana, na kazi yake hutegemea ulivyojikunja. Ili kujua upande upi uko nje, huwasha plazma juu ya tone: hewa iliyopigwa umeme mpaka ikawaka. Ikigusa maji, huzaliwa humo chembe kali zinazotia alama sehemu za nje. Zilizojificha ndani hubaki safi.

“Kama mpaka rangi mvivu asiyesogeza kabati,” nikasema. “Siku ya kuhama ndiyo unaona lilipokuwa.”

Akacheka. Wiki nzima sikuwa nimemsikia akicheka.

Twiga tulimkuta anangoja zamu yake ya mtambo wa plazma, mrefu kweli kama jina lake. Kiti kilikuwa kimoja. Akanipa mimi, yeye akasimama.

Mjukuu wangu akaweka tone mahali pake. Kidole kikaenda kwenye swichi.

“Subiri,” akasema Twiga. “Sukari umeitoa?”

Kumbe protini hugandishwa pamoja na sukari isiharibike. Na sukari hiyo huzimaliza zile chembe zote kabla hazijaifikia protini.

Mjukuu wangu akakaa sakafuni pu. “Ndiyo maana! Mara zote mbili! Lakini kuichuja ni mpaka mchana, na zamu yangu inaisha saa tatu.”

“Chukua na yangu.”

“Na wewe je?”

“Nitangoja wiki ijayo. Shingo ninayo ya kuchungulia.”

Nilimtazama sana. Angenyamaza tu, angepata msaidizi wa bure.

Mchana plazma ikawaka, zambarau, ndogo kama ncha ya sindano, ikivuma kama nyuki. Tone likapelekwa kupimwa chumba cha pili, mimi na Twiga tukabaki tukingoja. Jioni mjukuu wangu akarudi anakimbia.

“Zipo, bibi! Nje alama tele, ndani safi!” Akalaza kichwa begani kwangu, akalia. Mwalimu alichungulia mlangoni, akamwambia aendelee na swali lake.

Twiga akanibebea mkoba mpaka chini ya ngazi, akijikunakuna kisogo.

“Bibi, wiki ijayo naweka tone langu. Kwetu mbali, sina wa kunisindikiza. Utakuja tena?”