Vipimo vya Kichwani

Fundi cherehani huyu hakuwahi kuandika kipimo hata kimoja. Miaka arobaini alipima, akatikisa kichwa, akakata. Wenzake walijaza madaftari; yeye alisema daftari huloa, kichwa hakiloi. Kisha kichwa nacho kikaanza kuvuja. Daktari aliutaja ugonjwa taratibu, mara mbili, na mzee akauliza mara ya tatu.

Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Mitambo kwa sababu ya kazi yake ya kompyuta, aliamua kuviokoa vipimo hivyo kabla havijapotea. Akapata programu ya kutunza kumbukumbu za wateja. Angeweza kuikodia nafasi kwenye kompyuta za kampuni za mbali, ila baba alikataa katakata.

"Miili ya wateja wangu niipeleke kwa watu nisiowajua? Wakae humu humu."

Basi Mitambo akapanga kompyuta tatu kuukuu chini ya meza ya kukatia, akaziunganisha zifanye kazi kama kitu kimoja. Programu akaifunga ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila inachohitaji. Mashine moja ikizimika, kifurushi kingefunguliwa upya kwenye nyingine bila mtu kugusa kitu.

Siku aliyoiwasha kwa majaribio, palibaki kazi moja: kuiunga na diski ya kudumu. Bila hiyo, kila kilichoandikwa kingekaa ndani ya kontena na kufa nalo. Alitaka kuimaliza pale pale. Lakini asubuhi hiyo baba aliamka akili imetulia, akavuta kigoda, akaanza: "Mwalimu mrefu. Bega kumi na tisa, mkono ishirini na tano..." Nani angemkatiza? Mitambo akaandika. Diski akaiachia kesho.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Miezi minne ilipita, baba akitaja, binti akiandika, wakafika wateja mia tatu na kumi na wawili, na programu haikuzimika hata mara moja. Kitu kinachofanya kazi vizuri, nani hukumbuka kukichungulia?

Mchana mmoja mama aliingia na swali lake. "Na hizi mashine zikiharibika je, mwanangu?"

"Moja ikifa, nyingine inapokea. Tazama." Akachomoa waya wa mashine ya kwanza, kwa majivuno kidogo, tuseme ukweli.

Haikufika dakika tano. Programu iliinuka kwenye mashine ya pili kama alivyoahidi, safi kabisa. Wateja: sifuri.

Mitambo alirudisha waya, akapekua kila pembe, lakini mtambo ulikuwa umeshalifagia kontena la zamani. Maji yakishamwagika hayazoleki. Kosa lilikuwa lake peke yake, tena kosa la kazi ya dakika kumi.

Alimweleza baba bila kuzunguka. Mzee alisikiliza, akavuta kigoda. "Si nipo? Tuanze tena."

Safari hii Mitambo aliunga diski kwanza, akazima na kuwasha mara tatu, ndipo akakaa. Mwalimu mrefu alikuja bila shida. Muuza vitabu alikuja bila mikono: baba alikumbuka bega na kifua, akasita, akaruka. Mpishi wa shule hakuja kabisa. Kufikia adhuhuri walikuwa na watu kumi na mmoja, wanne kati yao nusu nusu.

"Mama yako," baba akasema, na uso ukamchangamka. "Huyo sihitaji hata kufikiri. Kiuno ishirini na sita."

Mama, aliyekuwa akipiga pasi suruali pembeni, alisimamisha mkono. Miezi minne nyuma baba alitaja arobaini na moja, na ilikuwa kweli, mama akalalamika kwamba anamwaibisha. Sasa Mitambo alimtazama, vidole juu ya vibonye, akingoja amsahihishe.

"Kifua thelathini na mbili," baba akaendelea, haraka, kwa uhakika wa kijana. "Gauni la bluu. Ameniambia atakuja kulichukua Jumamosi."

"Andika, mwanangu," mama akasema. "Andika anavyosema."

Kisha akaiweka pasi chini, akamgeukia mumewe.

"Jumamosi nitakuja, fundi."