Farasi wa Keve

Farasi alirudi peke yake. Ilikuwa siku ya nne tangu tuteremke milimani. Watu walikuwa wanahangaika kusimamisha mahema kando ya mto uitwao Tisa, kila mtu akigombana na jirani yake kuhusu nani kajitwalia pakavu, ndipo farasi huyo, Kesely, akaingia kambini taratibu, tandiko limempindukia tumboni. Akaenda moja kwa moja kwenye hema la Nyeste, akasimama.

Nyeste alikuwa amepiga magoti anapigilia kigingi. Aliinuka, akamtazama farasi, akatazama njia aliyotokea. Hakukuwa na mtu.

Keve, mumewe, alibaki nyuma kwenye mlango wa milima, pale njia inapobana, pamoja na wanaume thelathini, kuwazuia Wapechenegi wasitufuate. Hao Wapechenegi, laana iwashukie, ndio waliotuchomea malisho ya zamani na kutuulia watu wakati wanaume wetu wako vitani mbali. Akija mtu kuwaambia kwamba tuliiingia nchi hii kwa vifijo na vigelegele, mwambieni anyamaze. Tuliingia tunakimbia, watoto wamefungwa migongoni mwa ng'ombe kama mizigo. Kati ya wale thelathini walirudi wawili tu.

"Tulikimbia, shemeji," mmoja alimwambia Nyeste, macho chini. "Hatukutazama nyuma."

Sasa, watu wetu wana desturi yao, na nani angethubutu kuigusa. Mtu akifa, farasi wake huchinjwa. Nyama huliwa na waombolezaji; kichwa, miguu na ngozi huwekwa kaburini pamoja na tandiko, ili marehemu asiende huko aendako kwa miguu. Na kama mwili haukupatikana, kaburi huchimbwa hivyo hivyo, farasi akazikwa bila bwana wake. Baada ya hapo mtu huyo amekufa, mambo yamekwisha. Mjane huhamia kwa ndugu wa mume. Lakini farasi hatolewi na mtu mwingine yeyote ila mke. Mpaka mke amshike hatamu kwa mkono wake na kumpeleka, mume anahesabiwa hai.

Nyeste hakumpeleka.

"Tazama hapa, mama," alimwambia mama mkwe wake, Ajandok. "Kesely hana jeraha hata moja. Na hatamu imekatwa kwa kisu. Keve mwenyewe ndiye aliyemwachia."

"Au Mpechenegi alikuwa na kisu," alisema Ajandok. Alikuwa mama wa wana watano, na watatu walikuwa wameshakufa. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama nyama ya msimu uliopita. "Unafikiri wao wanakata kwa meno?"

"Mpechenegi angemchukua farasi, mama. Asingemwachia."

Bibi aliudhika. "Haya, ngoja," alisema. "Ngoja, binti yangu. Wewe mwili wako bado unakuruhusu kungoja."

Basi akangoja. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama mwingine. Nyeste alimchunga Kesely mwenyewe, hakumruhusu mtu kumpanda wala kumfunga mzigo, na kambi nzima ikaanza kumcheka. Wanawake walipokutana naye mtoni walimuuliza kama mumewe amelala vizuri na kama amekula shayiri yake yote. Nyeste alikuwa na ulimi pia. "Amelala vizuri kuliko wako," aliwajibu, "na hakoromi." Walicheka, naye akacheka, kisha akarudi hemani peke yake. Alimpenda Keve, sina njia nyingine ya kusema. Walioana akiwa na miaka kumi na sita, na mtoto wao wa pekee walimwacha chini ya udongo wa nchi ya zamani. Hakuwa na mtu mwingine duniani.

Bogat, mdogo wake Keve, ndiye aliyepaswa kumchukua. Kijana mpole, mwenye haya. Alileta kuni, akaziweka nje ya hema, akaondoka kabla hajashukuriwa. Siku moja tu ndipo alipofungua mdomo.

"Shemeji, mimi sikuharakishi," alisema. "Hata miaka mitatu, ngoja. Kama ningepotea mimi, yeye angeningoja."

Baridi ilikuja mapema. Asubuhi moja tuliona milima imekuwa myeupe kuanzia kileleni hadi kiunoni, na kila mtu akajua mlango umefungwa. Siku hiyo Ajandok alikwenda kwa Torda, mganga, akamwomba apige ngoma amtafute mwanawe. Sikubaliani na wanaosema bibi alifanya hivyo kwa chuki. Mama yule alitaka kujua.

Torda alipiga ngoma tangu jua linachomoza hadi lilipofika utosini, jasho likimtiririka kwenye baridi ile. Hakuwa tapeli. Watu wengi wamemsema vibaya baadaye, lakini mimi najua hakuwa tapeli. Alipoanguka walimmwagia maji, akafungua macho, akamtafuta Nyeste kati ya watu.

"Nimemwona," alisema.

Ajandok akauliza: "Wapi?"

"Kwenye theluji, juu, njiani. Yuko kwa miguu. Amefunga miguu matambara. Anatembea, anaanguka, anainuka, anatembea." Torda alishika kichwa. "Anamwita farasi wake. Anaita jina lake. Kesely, Kesely. Maskini, anaita mpaka sauti imekauka."

Watu wote pale walielewa neno lile, na walielewa namna moja tu. Nani hutembea kwa miguu na kumwita farasi wake? Maiti ambaye mkewe amemnyima farasi. Hapakuwa na hata mmoja aliyefikiria vinginevyo, na mimi nikiwemo.

Ajandok alipiga magoti. Yule bibi mkavu alishika miguu ya mkwe wake. "Nyeste," alisema, "mwanangu yuko baridini. Miezi miwili unamtembeza kwa miguu! Mpe farasi wake, mwanangu. Nakuomba. Mpe apumzike."

Nyeste alilia kwa sauti, bila kujificha uso. Alikuwa amemzuia farasi kwa mapenzi, na sasa aliona mapenzi yake yamemweka mumewe kwenye theluji, matambara miguuni, akiita. Nani angevumilia? Alikwenda malishoni, akamshika Kesely hatamu ile iliyokatwa, akamleta mwenyewe. Njiani aliegemeza shavu shingoni mwa farasi mara moja tu. Kisha akamkabidhi.

Wakachinja. Wakala. Nyeste naye alikula, kwa sababu mke lazima ale. Alijikwaruza mashavu kwa kucha akalia kilio chote cha siku tatu, kikaisha. Siku ya nne Bogat alimhamishia hemani mwake bila kumtazama usoni.

Siku ya tisa baada ya maziko, mchana kweupe, mbwa walianza kubweka upande wa milima, kisha wakanyamaza, wakaanza kutikisa mikia.

Keve alikuja akichechemea, ameegemea fimbo. Ndevu zimemfika kifuani, miguu amefunga matambara. Mguu wake ulivunjika pale mlangoni. Alipoona hawezi kupanda, alikata hatamu akamwachia Kesely asiangukie mikononi mwa adui. Waslavi wachoma mkaa walimwokota, wakamficha, wakamlisha mpaka mfupa ukaunga. Kisha akavuka theluji. Hayo alituambia mwenyewe, kwa sauti iliyokauka, akiwa amesimama katikati ya kambi, na tabasamu likimfifia kidogo kidogo kwa sababu kila hatua aliyosogea sisi tulirudi nyuma.

"Jamani, mna nini? Mama, ni mimi. Nina njaa."

Ajandok alitema mate chini mara tatu. "Tumeshakupa kila kitu," alisema. "Rudi, mwanangu. Usituchukulie watu."

Keve akatazama huku na huku. "Kesely hajafika?"

Bogat alikuwa ameziba uso kwa mikono. Keve aliliona tuta jipya kando ya mto, na mkuki uliochomekwa juu yake. Ulikuwa mkuki wake. Nilimwona akijipapasa kifua, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo. Alikuwa mmoja wetu. Aliijua desturi kama tunavyoijua.

"Nani alimtoa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Nyeste.

"Ulingoja?"

"Nilingoja mpaka theluji."

Aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa jambo la haki. Akaenda akaketi juu ya tuta.

Hakuna aliyemgusa, na hakuna aliyemkaribia, isipokuwa Nyeste. Alitoka hemani mwa Bogat na bakuli la maziwa ya moto, na Bogat hakumzuia. Alipiga magoti mbele ya Keve.

"Kunywa. Tuondoke, twende kwa hao hao Waslavi. Wao hawajui kitu. Mume wangu, nakusihi, kunywa!"

Keve alimtazama kwa huruma. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nyeste, ulinizika vizuri," alisema. "Kule juu mara nyingi nilidhani nimekufa, nikajibishana na nafsi yangu. Kumbe. Mimi ningekwenda nawe wapi? Nenda ndani, utapata baridi."

Akakaa siku mbili, mchana na usiku. Asubuhi ya tatu alikuwa ameganda kwa baridi juu ya tuta. Walichimbua kidogo wakamweka juu ya ngozi ya farasi wake, wakarudishia udongo, na kazi ikaisha upesi kwa kuwa shimo lilikuwepo.

Nyeste alifungua mdomo apige yowe. Ajandok akamshika mkono kwa nguvu.

"Alishaliliwa, mwanangu," bibi alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Mtu haliliwi mara mbili. Nenda kakamue, ng'ombe wanalia."

Nyeste alifunga mdomo, akachukua ndoo.