Shaba kwa Mkono Mtupu

Bwana Gerlach alishusha kisu cha shaba cha swichi ya ukutani mbele ya wageni wake watatu, akatazama juu. Taa haikuwaka. Akakiinua, akakishusha tena kwa kishindo, na ile chupa ya kioo iliyoning'inia juu ya meza ikabaki vile vile, haina habari na mtu. Mgeni mmoja akacheka puani, akasema jambo kwa Kijerumani. Shingo ya Bwana Gerlach ikaiva kuanzia kwenye kola hadi masikioni.

"Kasaine!"

Kasaine alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umeshuka alasiri ile hadi kwenye migomba, lakini mgongo wake ulikuwa umelowa jasho.

"Wageni watakunywa kahawa barazani," Bwana Gerlach alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Wakimaliza, taa iwake. Isipowaka, Lengai atakupa viboko ishirini na tano, na kesho utarudi kufua majembe. Mimi nitaleta fundi kutoka Tanga. Fundi wa kweli."

Lengai, nyapara wa shamba, alikuwa nyuma yake na kiboko chake kwapani. "Nilikwambia, Bwana," alisema. "Mhunzi ni mhunzi tu."

Neno lile lilimkata Kasaine maini, na si kwa sababu lilikuwa jipya. Alizaliwa kule Olmotonyi katika Ilkunono, ukoo wa wahunzi wa Kimaasai. Majirani walihitaji mikuki yake, mapanga yake na kengele za ng'ombe wao, lakini mkono uliovifua hawakutaka hata kuugusa. Kitu kilichotoka kwa mhunzi kilipakwa kwanza mafuta ya kondoo, ndipo kikashikwa, ili unajisi wake usimwingie mwenye kukinunua. Baba yake aliishi hivyo na kufa hivyo, akiuita huo ndio utaratibu. Kasaine tangu utotoni aliuita matusi, na hakuwahi kuubadilishia jina.

Ndiyo maana, mwaka ule reli ilipofika Moshi na shamba la Gerlach likaletewa mtambo wa umeme kwa mikokoteni ya ng'ombe, aliiacha mivukuto yake ingali na joto, akaenda kuomba kazi. Umri wake ulikuwa arobaini na ushee. Fundi Mjerumani aliyekuja kuufunga mtambo alimcheka, kisha akaona jinsi vidole vile vinavyokijua chuma, akaacha kucheka. Miaka miwili Kasaine alijifunza kama mtoto: kupitisha waya darini, kuutenga na mbao kwa vigae vya kaure, kuunga ncha mbili zikawa kitu kimoja. Mara mbili umeme ulimtupa chali, na mara zote mbili aliinuka akiuliza sababu. Aliupenda. Aliupenda kwa kuwa haukuwa na ukoo, wala hapakuwa na babu wa mtu aliyeacha agizo juu ya mikono ya kuugusa.

Yule Mjerumani aliporudi kwao, banda la kukobolea kahawa lilikuwa na taa tayari. Nyumba kubwa ilikuwa kazi ya kwanza ya Kasaine peke yake. Swichi kuu iliyoagizwa Ulaya ilipasukia njiani, basi akachukua sufuria kuukuu ya shaba, akaifua mwenyewe ikawa kisu, akatengeneza taya mbili za kukipokea, akakitia mpini wa mzeituni wa msituni. Jana yake alikijaribu na taa zikawaka vyumba vyote sita. Leo zimegoma, na hajui kwa nini.

Alikimbia mferejini, akaziba maji yaliyouendesha mtambo, gurudumu likasimama. Akarudi sebuleni, akakiinua kisu na kuchungulia ndani ya zile taya. Kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kilichoganda kwa baridi. Akakigusa, akanusa kidole. Kondoo.

Akakifuta kidole ukutani.

"Baba Namnyaki," sauti ikamwita kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa Nashilu, mpishi, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kumtolea Kasaine neno baya. "Ni mimi. Bwana ameniambia kuanzia leo nitakuwa nawasha mimi kila jioni. Nami nikasikia kisu chenyewe umekifua wewe, kwa nyundo. Ningekishikaje hivi hivi?"

"Ukapaka mpaka ndani?"

"Nilipaka kila mahali. Nilitaka kiwe safi."

Angetukana, Kasaine angejua la kumjibu. Lakini alisema kwa upole, na upole wake ulimchoma kuliko kiboko cha Lengai. Miaka miwili, waya nyumba nzima, na bado amemkuta yule kondoo akimsubiri mwisho wa safari.

"Umeme unataka shaba iguse shaba, Mama Solomoni," alisema. "Ukiweka kitu katikati, haupiti."

"Watanipiga?"

Kasaine alichota majivu jikoni, akasugua taya na kisu mpaka vikang'aa, akafuta mpini, akaenda kuyafungulia maji. Aliporudi, Bwana Gerlach alikuwa sebuleni na wageni wake, Lengai kando yao. Nashilu alisimama na sinia la vikombe.

"Kosa lilikuwa nini?"

"Mafuta kwenye swichi, Bwana."

"Nani aliyaweka?"

Vikombe vikagongana siniani. "Namjua," Kasaine alisema, "na simtaji."

"Basi utachapwa wewe!"

"Nichapwe. Lakini kazi yangu haikuwa na kosa, na hilo nataka wageni wako walisikie."

Lengai akasogea. Bwana Gerlach aliwatupia wageni jicho, akaona wote wanatazama taa, akamzuia kwa mkono. "Washa kwanza."

Hapo ndipo Kasaine alipoiweka mikono yake nyuma. "Hapana, Bwana. Mimi nimetengeneza. Atawasha mwingine."

"Lengai! Washa wewe!"

Lengai akaja hatua mbili, akasita, akaivuta ncha ya shuka lake ili aufunike mkono.

"Kwa mkono mtupu," Kasaine alimwambia kwa Kimaasai. "Hapana kitambaa, hapana mafuta. Asiyetaka kunigusa akae gizani."

"Upuuzi gani huu?" Bwana Gerlach akafoka. Kasaine alijua anachochezea. Kidole chake kimoja kingetosha kuokoa mgongo wake na kazi yake. Lakini mikono hakuitoa nyuma. Lengai naye alisimama pale pale, shuka mkononi.

Nashilu akaweka sinia mezani. Akafuta viganja vyake kwenye nguo yake, mbele na nyuma, mpaka visibaki na dalili ya mafuta ya jikoni. Akaunyoosha mkono, akaushika mpini, akaushusha.

Sebule nzima ikajaa mwanga. Wageni wakapiga makofi, Bwana Gerlach akacheka kwa sauti na kupokea pongezi zote. Nashilu hakutazama juu. Alikuwa akikitazama kiganja chake.

"Kumbe ni mti tu," alisema.

Alipogeuka kulichukua sinia, Lengai alikuwa amemkwepa, amerudi nyuma hatua nzima, ile ile ambayo watu walimkwepea Kasaine maisha yake yote. Nashilu aliiona. Akamtazama Lengai usoni, akaliacha sinia mezani, akarudi kwenye swichi na kuushika tena mpini, safari hii kwa mikono yote miwili. Akauinua, taa ikazimika. Akaushusha, ikawaka.

"Acha!" Bwana Gerlach akapaza sauti.

Nashilu akauinua tena.