Uzito wa Kikombe cha Mama Mkwe

Miaka kumi na minne mama mkwe alipima unga kwa kikombe kimoja cha bati, vikombe ishirini kila akikanda mikate ya kuuza, na miaka yote hiyo mkamwana wake alimcheka chinichini. Mkamwana yeye alikuwa mtu wa mizani. Siku moja alichota kikombe kimoja cha unga, akakisawazisha juu kwa kisu, akakipima: gramu mia na ishirini na tano. Akaandika kwenye kadi, akaibandika ukutani juu ya pipa. Mama mkwe aliitazama kadi ile kama mtu anavyomtazama kuku wa jirani aliyeingia sebuleni, akaendelea na kikombe chake.

Kisha kiharusi kikampiga bibi wa watu, mkono wa kulia ukafa, na kadi ikarithi jiko.

Mkate ukakataa. Donge lilinata mikononi kama mgeni asiyejua kuaga, likaumuka kidogo, likabonyea tanurini. Siku tatu mfululizo mpishi wa bweni la wanafunzi, mteja wao pekee wa maana, aliirudisha mikate.

"Mdogo wangu, hii ni mikate au soli za viatu? Nakuvumilia mpaka Jumamosi. Baada ya hapo tusilaumiane."

Ijumaa asubuhi mkamwana alimkalisha mama kitini, akamsogezea pipa na kikombe.

"Nionyeshe, mama. Nimekosea wapi?"

Nusu ya mdomo ikacheka. "Leo mizani... imekosa jibu?"

"Nicheke tu. Nimestahili."

Bibi akachota kwa mkono wa kushoto. Akakigonga kikombe mezani mara tatu. Akaushindilia unga kwa kidole gumba, akaongeza, akashindilia tena. Miaka kumi na minne jiko moja, na mkamwana hakuwahi kusogea kuchungulia nyuma ya ule mgongo.

Akapima. Mia na thelathini na moja. Wakarudia: mia na arobaini na nne. Wakarudia: mia na thelathini na nane.

"Mkono huu mgeni," mama alisema. "Haujui... nguvu."

Mkamwana akaunyanyua ule wa kulia, mzito kama nguo mbichi, akakiweka kidole gumba juu ya unga, akakisukuma. Mia na sabini na moja.

"Hiyo nguvu yako. Si yangu."

Basi akakisia katikati ya mikono hiyo miwili. Mia na hamsini na tano, mara ishirini: kilo tatu na gramu mia moja. Akakanda. Mkate ukaumuka, ukasimama. Mama akatafuna kwa upande mzima, taratibu, muda mrefu.

"Ndio wenyewe?"

"Mzuri." Akameza. "Si wenyewe."

Jumamosi mpishi wa bweni akamega kona palepale mlangoni, akapiga makofi.

"Eeh! Kumbe bibi kapona, karudi jikoni! Mkono huu naujua hata nikifumba macho."

Mkamwana akafungua kinywa amsahihishe, akakifunga. Mikate yote arobaini ilikuwa inapakiwa, na Jumatatu ilikuwa inakuja na oda nyingine.

Mlango wa chumba cha mama, hatua chache kutoka pale, ulikuwa wazi muda wote. Alipoingia na chai alimkuta amegeukia ukuta.

"Mama, chai."

Bega halikutikisika. Akaiweka chini karibu na kitanda, akarudi kupima unga.